Kihisi na Hisia: Ala za Nano za Kutambua Wajumbe wa Neva na Suala la Kupima Huzuni

1. Utangulizi

Lugha ya Kiswahili ina namna nyingi za kutaja hali ya ndani ya mtu. Mtu huvunjika moyo, huingiwa na simanzi, hukunjuka moyo, au huwa na moyo mzito; akiumizwa sana kwa maneno, husemwa kwamba amekatwa maini. Huku Kisangani, ambako Kiswahili na Lingala huishi nyumba moja, mfiwa husema kwamba roho inamuuma, na jirani yake huitikia kwa neno la Lingala, mawa, yaani huzuni. Katika semi hizo zote, makao ya huzuni ni moyo, roho au maini. Hakuna hata usemi mmoja unaoutaja ubongo.

Sayansi ya tiba ya karne ya ishirini ilihamisha makao hayo. Ilifundisha kwamba furaha, huzuni, hofu na hamu vina uhusiano na molekuli ndogo zinazotolewa na seli za neva ndani ya ubongo. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakiunda ala za kuzitambua molekuli hizo, na katika miongo hii ya karibuni wamezifanya ala hizo kuwa ndogo mno kwa kutumia mada zenye ukubwa wa nanomita. Habari za ala hizo zinapofika kwa umma, mara nyingi hufika zimebadilika sura. Msomaji huambiwa kwamba kimepatikana chombo cha kupimia furaha, au kwamba karibuni huzuni itasomwa kwa nambari kama vile homa inavyosomwa kwa kipimajoto.

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, kueleza jinsi ala hizo zinavyofanya kazi. Pili, kubainisha ni kitu gani hasa zinachokipima. Tatu, kujadili jinsi Kiswahili kinavyofaa kuziita. Hoja yetu kuu ni kwamba ala hizi hupima molekuli, hazipimi hali ya moyo. Kuyachanganya mambo hayo mawili ni kosa ambalo kwetu sisi wa Kiswahili linaweza kuingia kwa mlango wa istilahi, na madhara yake yakaishia kwa mgonjwa.

2. Wajumbe wa neva

Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Ndani ya seli, ujumbe husafiri kwa njia ya umeme. Lakini ukifika mwisho wa seli, hukuta mwanya unaoitenga na seli ya pili, na mwanya huo una upana wa nanomita zipatazo 20. Katika sehemu nyingi za ubongo umeme hauruki mwanya huo. Seli ya kwanza humwaga molekuli ndogo ambazo huuvuka mwanya na kunasa katika vipokezi vya seli ya pili. Molekuli hizo ndizo zinazoitwa nyurotransmita. Katika makala haya tutaziita wajumbe wa neva.

Wajumbe watatu hutajwa sana katika mjadala wa hali ya moyo, nao ni dopamini, serotonini na noradrenalini. Yafaa tukumbuke tangu mapema kwamba wajumbe hao hawakuumbwa kwa kazi moja. Dopamini hushiriki katika kuongoza mwendo wa viungo, na upungufu wake katika sehemu fulani ya ubongo ndio unaoleta mtetemeko na ukakamavu wa ugonjwa wa Parkinson. Serotonini ilitambuliwa kwanza katika damu, mwaka 1948, kwa kuwa hukaza mishipa. Ni mwaka 1953 tu ambapo Betty Twarog na Irvine Page walitangaza kwamba imo pia katika ubongo. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili haimo ubongoni kabisa, bali katika njia ya chakula. Jambo hili tutalirudia, maana lina uzito katika kuamua kama kipimo cha damu au jasho chaweza kutuambia habari za ubongo.

3. Mti wa misitu yetu

Historia ya wajumbe hawa ina sehemu inayotuhusu sisi wakazi wa Tshopo. Katika vichaka na misitu michanga inayoota upya kandokando ya mashamba huota mti mdogo ambao wanabotania huuita Rauvolfia vomitoria. Mti huu umeenea katika Afrika ya kitropiki, na waganga wa jadi wameutumia tangu zamani kwa maradhi mbalimbali, pamoja na kuwatuliza watu waliochafukwa na akili. Magamba ya mizizi yake yana kemikali iitwayo resepini. Kemikali hiyo hiyo imo katika nduguye wa Bara Hindi, Rauvolfia serpentina, na ni kutokana na huyo wa Bara Hindi kwamba wanakemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel waliitenga mwaka 1952. Mahitaji ya viwanda yalipokua, magamba ya mizizi ya mti wa Kiafrika nayo yaliingia katika biashara hiyo, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyauza nje.

Resepini ilitumika kushusha shinikizo la damu na kuwatuliza wagonjwa wa akili. Lakini baadhi ya madaktari waliona kwamba wagonjwa kadhaa waliopewa dawa hii kwa shinikizo la damu walidhoofika moyo, wakawa na huzuni nzito. Mwaka 1955, Alfred Pletscher, Parkhurst Shore na Bernard Brodie, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Marekani, walionyesha kwamba resepini huiondoa serotonini katika akiba zake. Mwaka 1957, Arvid Carlsson na wenzake nchini Sweden waliwapa sungura resepini, na wanyama hao wakalala bila kuweza kusogea. Walipowadunga L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, sungura waliamka na kutembea tena. Kazi iliyotokana na jaribio hilo ndiyo iliyompatia Carlsson sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000.

Kutokana na matukio hayo ilizaliwa nadharia nyepesi kusimulia: dawa inayopunguza wajumbe wa neva huleta huzuni, kwa hiyo huzuni ni upungufu wa wajumbe wa neva. Nadharia hiyo ilisaidia kubuni dawa nyingi. Hata hivyo, waliochunguza upya kumbukumbu za wagonjwa wa resepini wametia shaka uhusiano wenyewe. Wengi waliotumia dawa hiyo hawakupatwa na huzuni ya ugonjwa. Msingi wa nadharia, basi, ulikuwa mwembamba kuliko jengo lililosimamishwa juu yake.

Funzo la pili la historia hii ni la vipimo. Katika siku hizo, ili kujua kiasi cha serotonini au dopamini katika ubongo, ilibidi mnyama auawe, ubongo utolewe, usagwe, kisha upimwe maabarani. Kilichopatikana kilikuwa ni jumla ya akiba iliyobaki, si mwendo wa mjumbe katika ubongo ulio hai. Ni kiu ya kuuona mwendo huo iliyowasukuma watafiti kuelekea ala tunazozizungumzia hapa.

4. Muundo wa kihisi cha kibiolojia

Kihisi cha kibiolojia ni ala yenye sehemu kuu mbili zilizoungana. Sehemu ya kwanza ni kitambuzi, yaani kitu cha asili ya viumbe hai kinachojua kuichagua molekuli moja kati ya nyingi. Chaweza kuwa kimeng'enya, kingamwili, au uzi mfupi wa DNA. Sehemu ya pili ni kigeuzi, ambacho huligeuza tukio hilo la kutambua kuwa ishara inayopimika, mara nyingi mkondo wa umeme. Ishara hiyo hupelekwa kwenye kisomeo, nacho huonyesha nambari.

Ala ya namna hii ilielezwa kwa mara ya kwanza na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Walikizuia kimeng'enya kinachovunja glukosi karibu na elektrodi, wakapima mabadiliko yaliyotokea. Kizazi cha ala hiyo leo kinajulikana kwa kila familia yenye mgonjwa wa kisukari: kijikaratasi kidogo, tone la damu, na nambari inayotokea baada ya sekunde chache.

Dopamini, serotonini na noradrenalini zina sifa inayozirahisishia ala kazi, kwani hutoa elektroni kwa wepesi. Dopamini ikigusa elektrodi yenye volteji inayofaa, hupoteza elektroni mbili na protoni mbili, ikageuka kuwa aina ya kwinoni. Elektroni hizo huingia katika waya, na kadiri molekuli zinavyokuwa nyingi ndivyo mkondo unavyoongezeka. Kwa hiyo yawezekana kuipima dopamini kwa elektrodi ya kaboni peke yake, bila kitambuzi cha kibiolojia. Kwa maana kali ya istilahi, elektrodi kama hiyo ni kihisi cha kikemia. Huwa kihisi cha kibiolojia pale inapoongezewa kimeng'enya au uzi wa DNA. Wengi huziweka zote katika kundi moja, nasi tutafanya hivyo kwa kuwa tatizo lao kubwa ni moja.

5. Tatizo la uteuzi

Tatizo hilo lilionekana mapema. Mwaka 1973 Ralph Adams na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas walipandikiza elektrodi ya kaboni katika ubongo wa panya aliye hai, wakapata ishara. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini baadaye ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya ishara hizo za mwanzo haikutoka kwa dopamini, bali kwa asidi ya askobiki, ambayo sote tunaijua kwa jina la vitamini C.

Ili kulifahamu kosa hilo, msomaji wa Kisangani hahitaji kwenda mbali. Na ateremke hadi kwenye maporomoko, awatazame Wagenia wakivua. Wavuvi hao hufunga miti mikubwa kati ya mawe, kisha hutega migono mipana katika maji ya kasi. Mkondo huleta kila kitu: samaki wakubwa na wadogo, majani, vijiti. Mvuvi anayemtaka samaki wa aina moja tu, naye ni mmoja kati ya maelfu, hawezi kujivunia uzito wa mgono wake kabla hajatazama ndani.

Ubongo ndio mkondo huo. Katika maji yanayozunguka seli, asidi ya askobiki huwamo kwa kiasi cha mamia ya maikromoli katika lita, ilhali dopamini, katika hali ya kawaida, huwamo kwa nanomoli chache au makumi machache tu. Kwa maneno mengine, kwa kila molekuli moja ya dopamini, huenda zikawapo molekuli elfu kumi au zaidi za asidi ya askobiki. Na juu ya elektrodi ya kawaida, zote hutoa elektroni katika volteji zinazokaribiana. Asidi ya yuriki nayo hufanya vivyo hivyo. Ala inayohesabu elektroni bila kuuliza zimetoka wapi huhesabu vijiti na majani pamoja na samaki.

6. Msaada wa mada za nano

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita; unywele wa mtu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Mada zinapopunguzwa kufikia kipimo hicho, sifa zake hubadilika, na ya kwanza ni eneo la uso. Tuchukue mchemraba wenye sentimita moja kila upande. Nyuso zake zote sita zina jumla ya sentimita 6 za mraba. Tukiukata kuwa michemraba midogo ya nanomita moja moja, mada itabaki ile ile, lakini jumla ya nyuso itakuwa mita 6,000 za mraba, eneo linalokaribia uwanja wa mpira. Kwa kuwa kazi ya kihisi hufanyika usoni mwa elektrodi, kuongeza uso ni kuongeza nafasi za kukutana na mjumbe.

Mada zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni mirija ya nano ya kaboni, iliyojulikana sana baada ya maelezo ya Sumio Iijima ya mwaka 1991. Mwaka 1996 P. J. Britto na wenzake walitangaza kwamba wameitumia mirija hiyo kama elektrodi ya kuipima dopamini. Ya pili ni grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, uliotengwa katika Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 2004 na kuwapatia Andre Geim na Konstantin Novoselov Tuzo ya Nobel ya mwaka 2010. Ya tatu ni chembechembe za nano za dhahabu, ambazo hupitisha umeme vizuri na kushikamana kwa urahisi na vitambuzi vya kibiolojia.

Mada hizi husaidia uteuzi kwa njia tatu. Kwanza, molekuli ya dopamini ina pete bapa ambayo hulala juu ya uso wa kaboni na kushikamana nao, na hivyo hutoa elektroni zake kwa wepesi zaidi. Ishara yake huanza kujitenga na ile ya asidi ya askobiki. Pili, elektrodi yaweza kupakwa utando wenye chaji hasi. Katika mwili dopamini ina chaji chanya, na askobati ina chaji hasi. Utando humkaribisha wa kwanza na kumfukuza wa pili, kama mgono uliosukwa kwa tundu la samaki mmoja. Tatu, uso waweza kupandwa nyuzi za DNA zilizochaguliwa ili kila uzi ujikunje pale tu unapomkumbatia mjumbe wake. Njia hii ya tatu ilitumiwa na Nako Nakatsuka, Anne Andrews, Paul Weiss na wenzao katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018. Waliweka nyuzi hizo juu ya utando wa oksidi ya indiamu wenye unene wa nanomita chache, na kujikunja kwa uzi kukabadilisha mkondo wa umeme chini yake. Waliweza kuzitambua dopamini na serotonini hata katika kimiminiko chenye chumvi nyingi kama cha mwili.

Mwaka 2022 kundi la Zhenan Bao wa Chuo Kikuu cha Stanford lilieleza kihisi laini chenye grafini ndani ya mpira unaonyumbuka, kilichopima wajumbe hao katika ubongo na utumbo wa wanyama walio hai. Ulaini huo una maana kubwa, kwa sababu ubongo ni tepetepe, na waya mgumu huukwaruza na kuufanya ujenge kovu. Pamoja na hayo, matatizo bado yapo. Protini za mwili hujibandika juu ya elektrodi na kuififisha ishara. Serotonini yenyewe, ikishatoa elektroni, huacha mabaki yanayouchafua uso huo. Kihisi kilichokuwa sahihi asubuhi chaweza kuwa mwongo jioni.

7. Ni nini kinachopimwa?

Tuchukulie sasa kwamba matatizo hayo yote yametatuliwa, na kihisi kinatuonyesha kiasi cha kweli cha dopamini. Je, tumeipima furaha?

Jibu la karibu zaidi linatokana na binadamu wenyewe. Wagonjwa wa Parkinson wanaofanyiwa upasuaji wa ubongo huwa macho kwa sehemu ya upasuaji huo, na baadhi yao wamekubali kushiriki katika utafiti. Mwaka 2016 Kenneth Kishida, Read Montague na wenzao walichapisha vipimo vilivyochukuliwa kwa elektrodi nyembamba za kaboni katika wagonjwa 17 waliokuwa wakicheza mchezo wa kuwekeza fedha. Dopamini haikupanda tu kwa kushinda na kushuka kwa kushindwa. Ilifuata tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, pamoja na kile ambacho kingepatikana kama mchezaji angeamua vingine. Faida ile ile iliweza kuandamana na ishara tofauti. Molekuli ilikuwa ikibeba hesabu, na wala haikuwa furaha iliyoyeyushwa katika maji.

Kuhusu serotonini, mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti nyingi, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa huzuni ya ugonjwa, ambayo Afrika Mashariki siku hizi huitwa sonona, husababishwa na upungufu wa serotonini. Mapitio hayo yalizua ubishi mkali, na hayasemi kwamba dawa za sonona hazina kazi. Mgonjwa asiache dawa yake kwa sababu yake. Lakini hata wapinzani wao wengi wanakubali kwamba nadharia ya upungufu, kama inavyosimuliwa kwa watu, ni nyepesi mno. Dawa hizo huathiri serotonini ndani ya saa chache, ilhali moyo wa mgonjwa huchukua wiki kadhaa kuinuka.

Kuna kizuizi kingine. Kati ya damu na ubongo upo ukuta ambao dopamini na serotonini haziupiti. Kihisi kinachovaliwa mkononi na kusoma jasho hakiwezi, kwa hiyo, kuona kinachotendeka katika mianya ya ubongo. Na tumekwisha kueleza kwamba serotonini nyingi ya mwili ni ya tumbo. Homoni kama kotisoli hupatikana katika mate na jasho na yaweza kupimwa huko, lakini hiyo ni habari ya mwili uliotaharuki, na mtu hutaharuki kwa furaha ya harusi kama anavyotaharuki kwa msiba.

8. Suala la istilahi

Hapa ndipo wanaisimu wanapohusika. Ala hizi huitwa kihisi, au kihisio, kutokana na kitenzi hisi chenye asili ya Kiarabu. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa hisia, neno tunalolitumia kwa furaha, chuki, huzuni na mapenzi. Uundaji huo ni sahihi kabisa kisarufi. Lakini katika uwanja huu wa elimu maneno hayo mawili hukutana katika sentensi moja, na sikio la msemaji huyaunganisha. Mtu akisema "kihisi cha hisia", msikilizaji hufahamu kwamba kuna ala inayohisi kile anachokihisi mtu. Lugha imekwisha kutoa hukumu kabla maabara haijatoa ushahidi.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina la ala lichukue daima jina la molekuli yake: kihisi cha dopamini, kihisi cha serotonini. Isisemwe kihisi cha furaha wala kipimahuzuni. Pili, pale ambapo "hisia" na "kihisi" havina budi kuandikwa pamoja, itumike "hali ya moyo" badala ya "hisia". Usemi huo ni wa zamani, unaeleweka Kisangani kama unavyoeleweka Unguja, na una fadhila ya kutodai kwamba umepata makao ya jambo hilo katika kiungo fulani. Tatu, "mjumbe wa neva" litangulie "nyurotransmita" katika vitabu vya kufundishia. Mjumbe hufikisha ujumbe, na kila mtu ajua kwamba kumhesabu mjumbe si kuusoma ujumbe.

9. Umuhimu wake kwetu

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo hili lijadiliwe katika mji ambao wagonjwa wengi hawajapata hata huduma ya kawaida ya afya ya akili. Sababu ni kwamba hapa kosa litakuwa na gharama kubwa zaidi. Wakazi wengi wa Kisangani wanakumbuka Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji kwa siku sita. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile, na milioni 225 kati ya hizo zilikuwa kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Nambari hiyo ni fidia. Hakuna aliyeidhania kuwa kipimo cha msiba. Lakini siku ikija ambapo aliyepoteza watoto wake ataambiwa kwamba wajumbe wake wa neva wako sawa, hivyo hana ugonjwa, tutakuwa tumemdhulumu kwa jina la sayansi, na sayansi yenyewe haikusema hivyo.

Zaidi ya hayo, kipo kipimo cha hali ya moyo ambacho kimekwisha kufanya kazi mashariki mwa Kongo. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wanawake 405 waliotendewa ukatili wa kijinsia. Baadhi yao walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi, iliyoongozwa na wasaidizi wa mahali pale, na wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake wa vikundi walikuwa bado na dalili za uwezekano wa sonona au wahaka wa ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 42 ya wale wengine. Tofauti hiyo kubwa haikugunduliwa kwa elektrodi. Iligunduliwa kwa maswali yaliyoulizwa katika lugha za wanawake wenyewe, Kiswahili kikiwa mojawapo. Ubora wa ala hiyo hutegemea ubora wa tafsiri: swali likitafsiriwa vibaya, hunasa vijiti badala ya samaki. Kuisuka migono hiyo ya maneno ni kazi ya idara za lugha.

Hatusemi kwamba vihisi vya nano havina faida kwetu. Vitawasaidia wanaotafiti ugonjwa wa Parkinson, wanaojaribu dawa mpya, na wanaochunguza mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Na liko jambo moja ambalo maabara ya kemia katika eneo letu ingeweza kulifikiria bila kungoja upasuaji wa ubongo. Resepini yenyewe hutoa elektroni juu ya elektrodi ya kaboni, na kwa hiyo yapimika kwa njia ile ile. Dawa za mizizi ya Rauvolfia hutolewa bila kujulikana nguvu zake, na kipimo kikizidi, shinikizo la damu laweza kushuka kwa hatari. Kihisi rahisi cha resepini kingemlinda mgonjwa na kumsaidia mganga.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba kihisi cha kibiolojia huungana na mada za nano ili kumchagua mjumbe mmoja kati ya maelfu, kwamba kazi hiyo imepiga hatua kubwa tangu mwaka 1973, na kwamba bado ina vizuizi vyake. Tumeona pia kwamba hata kipimo kamili cha mjumbe kinabaki kuwa kipimo cha mjumbe. Watafiti wa Kansas waliamini kwamba wanaisikiliza dopamini, kumbe sehemu kubwa ilikuwa vitamini C. Walisahihishwa kwa sababu wenzao waliendelea kuuliza ni nini hasa kilichomo ndani ya mgono. Wanaoandika sayansi kwa Kiswahili nao wana wajibu wa kuuliza swali hilo juu ya kila neno wanalolitega.